KICHORO CHA JUMA

Somo kwa vikundi vya kujisaidia

Somo letu la leo ni la kuchora. Najua kuna mama mahali fulani ambaye amekwisha sema, "Hayo ni mambo ya watoto wa nasari, sisi tuna deni la mbuzi wa maziwa." Mama, ngoja kidogo. Hatutaki kukufanya fundi wa picha. Tunataka kikundi chako kiwe na picha moja ndogo kila juma, iliyochorwa na mtu wa hapo hapo, inayochukua jambo ambalo kila mtu amelisikia sokoni, kwenye redio au kwenye matatu, na kuliweka karibu na jambo ambalo mmelisoma kanisani. Basi. Picha hiyo ndiyo tunaiita kichoro cha juma.

Mimi mwenyewe nilianza bila kukusudia. Nilikuwa katibu wa kikundi cha watu ishirini na watatu, na kazi ya katibu ni kuandika huku wengine wakisema. Kuna saa watu wanarudia neno lile lile mara sita. Basi mkono wangu ulikuwa unachorachora pembeni mwa daftari la kumbukumbu: kuku, sufuria, mzee mwenye kofia, shati ya mchezaji wa mpira. Siku moja mwenyekiti alichukua daftari apate kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, akaona gari la matatu limejaa kondoo, na mbele yao mchungaji ananing'inia mlangoni akihesabu, na mmoja hayupo. Juma hilo tulikuwa tumesoma Luka 15. Nilidhani atanigombeza kwa kuharibu daftari. Alicheka, akapitisha daftari kwa wenzake, na mkutano ukasimama. Kisha mzee mmoja ambaye kwa miaka miwili hajawahi kusema neno akauliza, "Na hao tisini na tisa waliobaki kwenye gari, nani anawaangalia?" Tuliongea juu ya swali hilo saa nzima, kwa sababu wakati huo kulikuwa na mwanachama mmoja aliyehama na pesa za mkopo, na sisi wote tulikuwa tunamtafuta yeye na kusahau waliobaki.

Tangu siku hiyo nikaambiwa nichore kila juma.

VIFAA

Vifaa havina gharama. Kalenda ya mwaka uliopita ina kurasa kumi na mbili zenye mgongo mweupe, na zikikatwa katikati mnapata ishirini na nne. Makaa yanaandika vizuri, ila yanachafua. Ukipata kalamu nene ya wino, afadhali. Biro haifai kwa picha ya ukutani kwa maana aliyekaa nyuma haoni kitu. Chora vitu vichache na uvichore vikubwa. Kichwa ni mviringo, mwili ni mstari mnene, mikono ni mistari miwili. Watu wataelewa. Wanaelewa mlango wa choo wenye picha ya mwanamke, na ile si picha nzuri hata kidogo.

Maneno yasizidi matano. Weka kitabu na sura pembeni kwa herufi ndogo, mwenye Biblia nyumbani aitafute. Na ukichora zaidi ya nusu saa, acha, umeanza kupamba.

Shida kubwa si mkono. Shida ni jicho. Mtu anakwambia, "Sina cha kuchora," na amepita sokoni asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo chukua kasha la kiberiti lililokwisha. Sukuma ile droo ya ndani itoke, ubaki na ganda lililo wazi pande zote mbili. Funga jicho moja, uangalie kwa jingine kupitia ndani ya ganda. Dunia yote inapotea, na unabaki na kipande kidogo: kiatu cha mtu kimefungwa na kamba ya katani, mkono wa mama unahesabu sarafu, neno moja tu kutoka kwenye maandishi ya lori. Kaa na kipande hicho dakika moja. Hicho ndicho utakachochora.

SISTA ALIYECHORA KARATASI YA MKATE

Zoezi hilo la tundu sikulibuni mimi. Mimi nimeongeza kiberiti tu. Alilifundisha mwanamke wa Marekani aliyeitwa Corita Kent. Alizaliwa mwaka 1918, akaingia utawa mwaka 1936 katika shirika la masista wa Moyo Safi wa Maria, akafundisha sanaa kwenye chuo chao mjini Los Angeles. Aliwapa wanafunzi karatasi ngumu yenye tundu la mraba, akawapeleka nje kuangalia vitu vya kawaida kabisa: alama za barabara, matangazo, kituo cha petroli, bidhaa za dukani. Watu walikuwa wamezoea kwamba sista akichora atachora malaika. Yeye alichukua matangazo ya biashara yenyewe.

Kulikuwa na mkate uliouzwa sana kule uitwao Wonder Bread, ambao karatasi yake ina miviringo ya rangi nyekundu, njano na buluu. Corita aliona karatasi hiyo akakumbuka mkate wa mezani mwa Bwana. Mwaka 1962 akatengeneza picha ya miviringo ya rangi akaipa jina la mkate ule. Ukiiangalia hujui kama uko dukani au uko kanisani, na hilo ndilo alilotaka. Picha zake alizichapa kwa kitambaa na wino, nakala nyingi, ili ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipa.

Si kila mtu alifurahi. Mwaka 1964 alichukua maneno ya tangazo la nyanya za mkebe akayatumia kumsifu Maria, mama wa Yesu, kwamba yeye ndiye nyanya yenye maji matamu kuliko zote. Hebu fikiria neno hilo likitamkwa mbele ya wazee wa kanisa lako! Wakubwa wa kanisa katika mji huo waliona ni dharau. Mimi sioni dharau, lakini naelewa aliyeshtuka, kwa kuwa kwa Kiingereza cha kule cha wakati huo neno nyanya lilitumiwa pia kumsifu msichana, na si kwa heshima. Msuguano kati ya masista hao na kardinali wao ulikuwa juu ya mambo mengi, picha zikiwa moja tu. Mwaka 1968 Corita aliacha utawa, akahamia Boston, akaendelea kuchora mpaka alipofariki mwaka 1986. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake posta ya Marekani ilitoa stempu aliyoichora, mistari michache ya rangi na neno moja tu, upendo, na zikauzwa zaidi ya milioni mia saba.

Nimewaeleza habari zake kwa kirefu kwa sababu kuna ndugu wengine wanaoogopa kwamba ukichanganya mkebe wa mafuta na neno la Mungu umetenda dhambi. Lakini Bwana wetu mwenyewe alitumia chachu, taa, wavu, mbegu na sarafu iliyopotea. Hivyo ndivyo vitu vilivyokuwa jikoni na sokoni kwao.

MIFANO MIWILI YA KWETU

Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni mjini Vienna, Austria, kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Sisi tuliangalia kwenye duka la mwenye televisheni, watu wamejaa mpaka barabarani. Juma lile nilichora mviringo mmoja wenye miguu, na mbele yake miviringo mingine imepangwa kama mabawa ya ndege. Hao ni wale wenzake waliokuwa wanamkatia upepo. Walikuwa wakimbiaji arobaini na mmoja, wakipokezana, wengine ni mabingwa wenye medali zao wenyewe. Pembeni nikaandika Waebrania 12. Kijana mmoja akasema kwamba kwa sababu ya msaada ule mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Ni kweli. Mama mmoja akamjibu, "Na mimi niliposomesha watoto kwa pesa za kikundi, si rekodi?" Hapo mkutano ulikwenda wenyewe, mimi nikakaa.

Wa pili ni wa Fuliza. Tangu huduma hiyo ianze mwaka 2019, hakuna mtu kijijini asiyejua utamu wake na uchungu wake: unakopa kwenye simu shilingi mia mbili za unga, halafu mtoto akikutumia mia tano, deni linajikata kwanza, unabaki unaangalia simu. Nilichora simu yenye mdomo na meno. Chini nikachora mtu mdogo amemkaba mwenzake shingo, na nyuma yake mfalme anapasua karatasi ndefu ya madeni. Hiyo ni Mathayo 18, yule aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamshika mwenzake kwa dinari mia. Wengi waliisoma sura hiyo mara nyingi lakini hawakuwahi kupima tofauti ya madeni hayo mawili. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi dinari mia ni kama miezi mitatu na kidogo ya vibarua, si pesa ya kuchezea. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita. Zidisha mwenyewe kwa elfu kumi. Mhasibu wetu alizidisha kwa simu yake, akaacha katikati akisema hiyo ni serikali.

PICHA ILIYOHARIBU

Sasa niwaambie ile mbaya, maana somo lisilosema makosa halifai.

Nyote mnaijua gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, ambao ndio mizani ya soko zima. Na mnajua vile wengine huigonga chini kwa nyundo mpaka kitako kiingie ndani, ili mahindi yajae upesi. Juma moja tulisoma Luka 6, pale Yesu anaposema juu ya kipimo kinachojazwa, kinashindiliwa, kinatikiswa, mpaka kinafurika. Nikaona picha imejileta yenyewe. Nikachora gorogoro mbili. Moja inafurika. Ya pili nimeikata ubavuni ili ndani ionekane: kitako kimepanda karibu nusu, na nyundo iko chini. Nyuma yake nikaweka muuzaji. Ili ajulikane upesi kuwa ni mwanamke, nikampa kitambaa cha kichwa chenye mistari.

Sikufikiria mtu yeyote. Nasema hivyo mbele ya Mungu. Lakini katika kikundi chetu alikuwako mama mmoja auzaye nafaka, na juma lile alikuwa amevaa kitambaa chenye mistari. Nilipobandika ile karatasi, kicheko kikaanza nyuma. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Yeye aliangalia picha, akaniangalia mimi, akachukua kikapu chake akatoka. Hakuja juma lililofuata, wala la pili, wala la tatu. Akiba yake ilikuwa mikononi mwetu, na alikuwa mdhamini wa wanachama wawili wenye mikopo. Wale wawili wakaanza kuogopa. Juma la nne mwingine naye hakuja. Hivyo ndivyo vikundi hufa, jamani. Si kwa wizi peke yake.

Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, picha ni yako. Twende." Tukaenda jioni. Alitukaribisha, akatupa chai, akatuuliza habari za nyumbani. Hakusema lolote juu ya picha mpaka vikombe vikaisha. Kisha akaleta gorogoro yake akaiweka mezani, kitako juu. Kilikuwa kimegongwa, kidogo.

Akasema, "Katibu, hukukosea. Lakini ulichora nusu."

Akatueleza. Yeye hununua gunia kwa mtu wa lori, na gunia huitwa la kilo tisini. Kwa kilo mbili mbili anapaswa kupata gorogoro arobaini na tano. Akipima nyumbani kwa mkebe mzima hupata arobaini na moja, siku nyingine arobaini. Mwenye lori hana mizani, na ukiuliza anakwambia kanunue kwingine, na kwingine hakuna. Nauli ya kufikisha gunia nyumbani ni yake, ushuru wa soko ni wake. "Nikiuza kwa mkebe mzima," akasema, "mimi ndiye nitalipa zile gorogoro nne. Wewe ulimchora mwanamke na nyundo. Lori liko wapi kwenye picha yako?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi pale pale, na mkutano uliofuata nikaomba tena mbele ya wote, kwa maana aibu aliipata mbele ya wote. Kisha nikachora upya. Safari hii lori lilichukua karatasi nzima, na gorogoro ilikuwa ndogo kwenye kona. Pembeni niliandika Amosi 8, maana Amosi hakuanza na mama wa sokoni. Alianza na wale wenye ghala, wanaongoja sikukuu iishe wapate kuuza, wanaopunguza kipimo na kupandisha bei.

Picha hiyo ilikaa ukutani majuma matano. Mwishowe kikundi kikatoa pesa, kikanunua mizani ya kuning'iniza, na wauza nafaka watatu wakaanza kununua magunia pamoja na kuyapima kabla ya kulipa. Mwenye lori wa kwanza alikataa kupimiwa. Wa pili alikubali. Yule mama alirudi kikundini, na gorogoro yake ya sasa ni nzima, nimeiona. Lakini hukaa karibu na mlango, na nikibandika picha yeye huisoma kimya kabla ya kucheka wengine. Siwezi kumlaumu.

MAMBO TULIYOPATANA BAADA YA HAPO

Kwanza, mchoraji humwonyesha picha mtu mmoja kabla ya kuibandika, na mtu huyo asiwe rafiki yake. Sisi tulimchagua yule mzee wa kondoo tisini na tisa.

Mtu akichorwa akifanya vibaya, asipewe nguo, kofia, kilema wala unene wa mtu yeyote wa hapo. Afadhali uchore kitu kuliko mtu. Nyundo ingetosha. Na kama kosa ni la wengi, tafuta nani yuko juu yao, umchore naye. Ukitaka kucheka mtu, jichore mwenyewe: mimi nimejichora nimelala mkutanoni, nimeshika kalamu kichwa chini, na hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Katika kikundi chenye madhehebu mbalimbali, au chenye ndugu Waislamu, msichore sura ya Yesu wala ya nabii yeyote. Wengine itawaumiza hata wakinyamaza. Chora mikono, viatu, mtungi, mlango. Hadithi haitapungukiwa kitu.

Kwenye kanisa lenu wenyewe ni jambo jingine. Ukifika Murang'a, ingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ukutani kuna picha tano kubwa za Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere. Alizichora mwaka 1959, wakati vidonda vya miaka ya hatari bado vibichi, na kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati huo. Yesu wake ni Mwafrika na vilima vilivyo nyuma yake ni vya huku. Baadaye, mwaka 1965, Njau alianzisha Nairobi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, na kwa miaka mingi alipiga vita tabia ya kuiga kazi za wengine. Nawatajia hili kwa sababu siku hizi kila mtu ana picha za kutumwa kwenye simu, malaika wa Kizungu mwenye maua na maneno ya "asubuhi njema". Msinakili hizo. Kuku wako mbovu ana maana zaidi kikundini kuliko malaika huyo, kwa kuwa kila mtu anajua ni kuku wa nani. (Lakini kumbukeni nilivyosema juu ya vitambaa vya mistari!)

KAZI YA MKUTANO UJAO

Kila mtu alete ganda la kiberiti. Tokeni nje kwa dakika kumi, mwangalie sokoni au barabarani, kila mmoja kimya. Mkirudi, kila mtu aseme kitu kimoja tu alichoona, naye katibu aviandike vyote. Chagueni kimoja. Kisha jadilianeni:

Kitu hiki kinatukumbusha habari gani katika maandiko, na ni nani kati yetu anayeijua vizuri aisimulie bila kusoma?

Tukichora kitu hiki, ni nani atacheka, na ni nani atanyamaza?

Nani hayumo ndani ya picha, ingawa yeye ndiye mwenye lori?

Kwa vikundi visivyo na mtu anayejua kusoma, mistari ya Biblia isomwe na mtoto wa shule siku ya Jumamosi, na kichoro kibandikwe Jumatano. Sisi tulijaribu hivyo, na akina mama wawili wakaanza kuuliza herufi zile tano zilizo chini ya picha zinasemaje. Walianza na neno "lori".

Picha zikijaa ukutani, msizitupe. Zitobolewe pembeni, zifungwe kwa kamba kwa mpangilio wa tarehe, ziwekwe pamoja na daftari la kumbukumbu. Mkaguzi alipokuja kwetu mwaka uliofuata alianza kusoma daftari, akaliweka chini, akaomba zile picha.